Mti wa Krismasi wa plastiki wa futi 6 na taa zake: tathmini kabla hujatoa hela

Novemba ikielekea ukingoni, maduka ya Kariakoo huisogeza miti ya Krismasi hadi mlangoni, taa zinawaka mchana kweupe, na swali la wateja ni lile lile: "Wa futi nne bei gani? Na wa futi sita?" Mti unauzwa kwa urefu kama kitambaa. Lakini urefu hausemi lolote kuhusu ubora. Miti miwili ya futi 6 inaweza kusimama bega kwa bega, mmoja una kilo mbili na nusu na mwingine una sita. Mmoja utachoka Krismasi ya pili, mwingine utafika ya kumi. Anayelinganisha futi na bei peke yake ataubeba ule mwepesi na kuona amepata.

Tunaupima hapa mti ule wa kawaida kabisa: sentimita 180, majani ya kijani ya plastiki aina ya PVC, shina la bomba la chuma lenye vipande vitatu, stendi ya miguu, na boksi moja au mawili ya taa yanayonunuliwa papo hapo. Urefu huo unazifaa sebule nyingi. Dari ya mita 2.4 inaupokea pamoja na nyota ya sentimita 20 bila kugusana, na upana wa chini ni kama mita moja, kwa hiyo kochi likisogezwa kidogo nafasi inapatikana. Ukifika futi 7 na nusu unaanza kugombana na feni ya darini.

Msimamo wetu tunautoa mapema: mti huu ni chombo cha nyumbani kama meza au feni, na ununuliwe hivyo. Kagua ncha, bawaba na stendi. Taa zinunue peke yake, kwa masharti yake, wala usikubali zile za nyongeza zilizotupiwa ndani ya boksi la mti mpaka uzione zikiwaka.

Ncha kwanza, futi baadaye

Lishike tawi ulitazame kwa karibu. Utaona utepe mwembamba wa PVC uliochanwachanwa pembeni, umebanwa katikati ya nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja. Ule msokoto ndio unaoshikilia majani. Ukiwa umekazwa, ukiyavuta majani kwa vidole viwili hayasogei. Ukiwa umelegea, majani yanateleza juu ya waya na kubaki mkononi mwako, na mti wa namna hiyo utapukutika kila ukiguswa hadi nyaya zibaki uchi kama mifupa ya samaki. Jaribio hilo ni la sekunde tano, na muuzaji anayekukataza kulifanya amekwisha kukupa jibu.

Kinachofuata ni idadi ya ncha, yaani vile vitawi vidogo vya mwisho. Boksi zuri huandika idadi hiyo. Kwa futi 6, ncha 300 ni mti mtupu. Ncha 500 hadi 600 zinatosha kama mti utakaa konani, maana nyuma hakuna anayepaona. Kuanzia 800 mti unajaa pande zote na unaweza kusimama katikati ya chumba. Boksi likiwa kimya, hesabu mwenyewe: matawi makubwa ya mzunguko mmoja, mara ncha za tawi moja, mara mizunguko, kisha punguza kidogo kwa ajili ya juu kunakopungua. Au rudi nyuma hatua mbili. Kama bomba la shina unaliona kutoka juu hadi chini, ujue utatumia hela nyingine kununua mapambo ya kuziba mapengo, na mwisho wa hesabu mti wa rahisi utakuwa umekula zaidi ya ule uliouacha.

Kuna majani ya plastiki ya aina nyingine, ya PE, yanayomiminwa kwenye kalibu badala ya kukatwa kwenye utepe. Yana unene, na kwa mbali yanadanganya macho kuwa ni jani halisi. Miti ya bei ya juu huchanganya, PE nje na PVC ndani. Ni mizuri, ila ni mizito. Nyumba yenye watoto wadogo wanaovuta vitu haihitaji kwenda huko. PVC yenye ncha nyingi inatosha.

Neno "haishiki moto" lililoandikwa kwenye maboksi mengi lisomwe kwa uangalifu. Maana yake ni kwamba plastiki imewekewa dawa ya kuchelewesha moto. Mshumaa ukikaa chini ya tawi, tawi litaungua, na moshi wa PVC ni sumu.

Mti mpya ukinuka plastiki kali, ufungue uupepee kibarazani siku moja au mbili kabla ya kuuingiza ndani. Na kama kuna mti wa zamani sana uliorithiwa, majani yamekakamaa na yanatoa vumbi la kijani, ni heri kuustaafisha. PVC ya miaka ya nyuma mara nyingi ilitengenezwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake si la kuwa karibu na mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni.

Bawaba au ndoano

Matawi huunganishwa na shina kwa njia mbili. Ya kwanza ni bawaba: matawi yamekwishafungwa kwenye bomba, ukisimamisha kipande yanashuka yenyewe kama mbavu za mwavuli. Ya pili ni ndoano: kila tawi ni la peke yake, mwisho wake umepakwa rangi, na unalichomeka kwenye tundu la mzunguko wenye rangi hiyo. Wa bawaba unasimama kwa dakika kumi. Wa ndoano unakula saa nzima, na rangi zile hufutika baada ya miaka michache, ndipo unapokuta tawi refu limeingia juu na fupi chini na mti umekaa kama pipa. Dawa ni kufunga matawi ya kila mzunguko pamoja kwa uzi unapoyatoa, na kuandika namba kwenye kipande cha tepu.

Hata hivyo wa ndoano tusiudharau. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, hewa ya chumvi huzishambulia bawaba za chuma chepesi. Pini ya bawaba ikishika kutu, tawi linagoma kushuka, likilazimishwa linakatika, na hakuna spea. Tawi la ndoano likivunjika, linabadilishana nafasi na jingine la nyuma. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila bawaba kila mwaka, kabla ya kuufungia mti, huongeza miaka kwa gharama isiyofika hata ya soda.

Stendi, mahali mti unapoangukia

Mti ukianguka, chanzo mara nyingi ni hapa. Miti myepesi huja na miguu mitatu au minne ya plastiki inayochomekwa kwenye kikombe, na skrubu moja ya kulibana bomba. Ile skrubu ikikazwa kwa nguvu, kikombe kinachanika mstari mwembamba ambao huuoni siku hiyo. Unauona tarehe 24 mti unapoinama. Chagua stendi ya chuma yenye miguu minne na skrubu mbili au tatu za kuzunguka shina. Kabla ya kulipa, mti usimamishwe, kisha usukume kidogo kwa kiganja usawa wa kifua. Ukitikisika ukarudi, vizuri. Ukitikisika ukaendelea kucheza, tatizo ni maungio ya vipande vya bomba: kipande cha juu kinatakiwa kuzama ndani ya cha chini angalau sentimita tano au sita. Kikizama sentimita mbili, zungushia tepu ya umeme mara mbili tatu kwenye kiungo ili kikae kwa kubana.

Kama umekwisha kununua mti wenye stendi mbovu, usiutupe. Chukua ndoo ya lita 10, weka kipande cha bomba la plastiki katikati, kipenyo kinachopokea shina la mti, jaza mchanga mkavu na mawe huku ukishindilia. Ndoo hiyo itakuwa na uzito wa kilo 15 na zaidi, na mtoto wala paka hauangushi. Ifunike kwa kitenge au kanga. Kwa kweli hupendeza kuliko zile sketi nyekundu za manyoya zinazouzwa, ambazo kwa joto la Desemba la pwani ukizitazama tu unatoka jasho.

Taa: hapa ndipo pa kutumia akili zaidi ya hela

Kwanza, zinahitajika ngapi? Muuzaji atakwambia "chukua boksi nne." Piga hesabu. Mti wa futi 6 una majani kwenye urefu wa mita 1.5 hivi. Ukizungusha waya ukiacha nafasi ya sentimita 15 kati ya mzunguko na mzunguko, unapata mizunguko 10. Upana wa wastani ni nusu mita, kwa hiyo kila mzunguko una mita 1.5 na ushee. Jumla ni mita 15 au 16, na ukiingiza waya ndani na kuutoa nje ya matawi, kama inavyopasa, unafika 20. Nyuzi mbili za mita 10, zenye taa 100 kila moja, zinatosha mti wa kawaida. Wa tatu ni kwa anayependa mwanga mwingi.

Pili, umeme. Uzi wa LED wa taa 100 hutumia kama wati 5. Nyuzi mbili zikiwaka kwa saa sita kila usiku kwa siku 30 ni yuniti 1.8 tu za LUKU. Zile taa za zamani za balbu ndogo zenye waya wa ndani hutumia wati 40 hivi kwa kila uzi wa taa 100: nyuzi mbili kwa muda ule ule ni zaidi ya yuniti 14, na juu ya hapo zinapata moto. Ukikuta bado zinauzwa kwa bei ya kutupa, ziache hapo hapo.

Tatu, aina mbili za LED. Kuna uzi unaochomekwa moja kwa moja, plagi ndogo na kikasha cha kubadilishia mitindo, ambako umeme wa nyumbani wa volti 230 unasafiri kwenye waya hadi kwenye matawi. Na kuna uzi wenye adapta, ile plagi nene inayopunguza umeme hadi volti 24 au 31 kabla haujaingia kwenye waya. Kwa nyumba yenye watoto, huu wa adapta ndio tunaousimamia bila kusitasita, hata kama umezidi bei. Mtoto akiung'ata waya wa volti 24 hatapata kile anachoweza kupata kwenye waya wa volti 230. Adapta isomeke: imeandikwa INPUT na OUTPUT, na namba ya OUTPUT ndiyo unayoitafuta.

Uzi wa volti 230 una hatari nyingine isiyozungumzwa. Mkiani mwake kuna kisoketi cha kuunganishia uzi wa pili. Kile kisoketi kina umeme kamili hata kama hakuna kilichochomekwa. Kina kifuniko kidogo cha plastiki, na kifuniko hicho ndicho cha kwanza kupotea. Uzi wa mwisho kifuniko chake kiwe kimefungwa na tepu, na mkia wenyewe uishie juu ya mti, usiishie chini kwenye mikono ya watoto. Na usiunganishe nyuzi kupita idadi iliyoandikwa kwenye boksi. Kama haikuandikwa, tatu ziwe mwisho, kwa sababu waya wa uzi wa kwanza ndio unaobeba mzigo wa zote, na ni mwembamba kama uzi wa kushonea magunia.

Dukani, uzi uchomekwe ukiwa umefunguliwa wote, usiwe umekunjwa. Bonyeza kikasha mitindo yote, kwa kawaida minane. Wa nane huwa ni wa kuwaka moja kwa moja bila kumetameta, na ndio mtakaouhitaji zaidi kuliko mnavyodhani wageni wakishakaa sebuleni saa mbili. Uache uwake dakika kumi, kisha shika kikasha: uvuguvugu ni sawa, moto wa kukufanya uutoe mkono si sawa. Pindapinda waya pale unapoingia kwenye plagi na kwenye kikasha, maana hapo ndipo unapokatikia. Kama taa zinazima na kuwaka unapopinda, rudisha. Uliza pia kama kikasha kinakumbuka mtindo: umeme ukikatika na kurudi, vingi hurudi kwenye mtindo wa kwanza, na utakuwa unainuka kubonyeza kila mara.

Kuhusu plagi: nyuzi nyingi huja na pini mbili za mviringo, wakati soketi za Tanzania, Kenya na Uganda ni za pini tatu za bapa. Kila nyumba inaujua ule ujanja wa kuchomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu ili pini mbili ziingie. Usiufanye. Pini za mviringo hazikai sawasawa ndani ya soketi hiyo, zinacheza, zinatoa cheche, soketi inaungua na kuwa nyeusi. Nunua adapta ya pini tatu yenye fyuzi, na fyuzi iwe ya ampea 3. Ile ya ampea 13 inayokuja na plagi nyingi itauacha waya wa taa uungue kabla yenyewe haijakatika.

Sasa kinachoharibika. Nusu au robo ya uzi ikizima huku nyingine inawaka, ni kwa sababu taa zimefungwa kwa mnyororo: umeme unapita kutoka taa hadi taa, moja ikifa au mguu wake ukichomoka, kundi lake lote linalala. Tafuta kwa macho taa iliyolegea au iliyopasuka. Fundi anaweza kuikata na kuunga waya, ila ukiondoa taa, umeme wake unagawanywa kwa zilizobaki. Moja au mbili si neno. Ukifika ya tatu kwenye kundi moja, uzi huo umemaliza kazi. Taa zote zikizima, angalia fyuzi, kisha soketi, kisha kikasha. Vikasha vingi huuawa na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Umeme ukikatika, chomoa plagi, subiri dakika tano baada ya kurudi.

Kuupanga mti

Anza kwa kufungua matawi, kazi ambayo watu wengi huikatisha njiani na kuulaumu mti. Futi 6 inataka dakika 45 hadi saa moja. Vaa glovu au soksi za zamani mikononi, maana ncha za waya zinakwaruza. Anzia karibu na shina, siyo nje: ncha ya kwanza juu, inayofuata kushoto, inayofuata kulia, hadi mwisho wa tawi. Anza mzunguko wa chini kabisa upande juu. Mti wa ncha 500 uliofunguliwa hivi unaonekana umejaa kuliko wa 800 uliovutwa haraka haraka.

Taa zinaingia kabla ya kitu kingine chochote. Plagi iwe chini upande wa soketi, na uzi ujaribiwe kwanza ukiwa sakafuni. Usizungushe kwa juu juu kama unafunga mzigo. Ingiza waya hadi karibu na shina, utoe hadi ncha, uingize tena. Mwanga wa ndani ndio unaoupa mti kina. Baada ya taa, utepe au nyuzi za kumetameta, kisha mipira. Futi 6 inameza mipira 40 hadi 60: mikubwa ya sentimita 8 iingie ndani karibu na shina, ya sentimita 5 na 6 ikae nje. Ile ya kioo ni mizuri mno, ila sakafu zetu ni za saruji na vigae, kila unaoanguka umekwenda. Iwekwe juu ya usawa wa bega, na mizunguko miwili ya chini iwe ya plastiki, nyota za ukindu, ushanga, na mapambo ya karatasi waliyotengeneza watoto. Kama vikulabu vya kuning'inizia ni hafifu, uzi wa kushonea wa kijani unashika vizuri zaidi na hauonekani.

Pamba ni jambo la kuzungumzwa wazi. Kuweka vipande vya pamba ya dukani kama theluji ni mazoea ya nyumba nyingi. Pamba inashika moto kwa kasi kuliko kitu kingine chochote kwenye mti huo. Kwa taa za balbu za zamani haifai kabisa. Kwa LED za adapta hatari ni ndogo, ila isikae juu ya kikasha wala kwenye maungio ya waya, na pasiwe na mshumaa chumba kizima. Na hapa tunafikia hatari kubwa kuliko zote: umeme unakatika saa mbili usiku, mtu anawasha mshumaa na kuuweka kwenye meza ya karibu, ambayo mara nyingi ndiyo iliyo kando ya mti. Taa ya chaji iwekwe chini ya mti tangu siku ya kwanza, ili hata gizani mkono uifikie hiyo kabla ya kiberiti.

Kwa wanaoweka pango la Noeli chini ya mti, majani makavu na nyasi za hori zina hatari ile ile. Nyuzi za taa zipite nyuma ya pango, zisilale kwenye nyasi. Ekstensheni isipite chini ya zulia, maana joto linakosa pa kutokea na kila anayekanyaga anauponda waya.

Wenye kutaka mti hai

Kwa wakazi wa Arusha, Moshi, Lushoto, Mufindi au nyanda za juu za Kenya, tawi au mti mdogo wa saiprasi unashindana vizuri na plastiki, na harufu yake haina mpinzani. Mti huo asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, umepandwa kwetu kwa mbao na uzio, kwa hiyo kukata ulio shambani kwa ruhusa ya mwenyewe hakuharibu msitu. Mtarakwa, mti wetu wa asili wa milimani, tusiuguse. Unakua polepole mno kuukatia wiki tatu. Na mti unaouzwa barabarani, muulize muuzaji karatasi za ulikotoka.

Kinachouua mti uliokatwa ni kiu. Kidonda kikikaa saa chache, utomvu unaziba mishipa. Ukifika nyumbani, kata tena sentimita mbili au tatu za kitako, kwa msumeno, kata ya kunyooka, kisha uingize kwenye maji papo hapo. Siku ya kwanza unaweza kunywa lita nne. Baada ya hapo, kadiria lita moja kwa siku kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina. Maji matupu yanatosha. Sukari na soda havisaidii kitu. Maji yakishuka chini ya kidonda hata mara moja, utomvu unaziba tena na mti hautakunywa vizuri. Ukipinda kitawi kikakatika kwa mlio, mti umekauka, utoke nje siku hiyo hiyo.

Matawi ya mvinje, yanayotumika sana pwani, yanapendeza siku tatu nne. Yale yanayoonekana kama sindano ni vitawi vyenye maungio madogo madogo, na yakikauka yanakatikia kwenye maungio hayo na kujaza sebule nzima. Yakatwe tarehe 23, yasitangulie.

Chaguo letu la mti hai ni araukaria ya kwenye chungu, inayouzwa kwenye vitalu vya maua kando ya barabara. Chagua yenye ncha ya juu nzima. Ikikatwa, mti haurudishi umbo lake tena. Matawi yake ni laini, kwa hiyo uzi mmoja wa LED na mapambo mepesi basi. Ikae dirishani kwenye mwanga, imwagiliwe udongo wa juu ukikauka kwa kina cha kidole, na baada ya sikukuu irudi kibarazani kwenye kivuli kwa wiki moja kabla ya kupelekwa juani, la sivyo majani yanaungua. Ila isipandwe karibu na nyumba. Ikiwa ardhini inakwenda kuwa mti mkubwa kupita paa.

Hukumu ya bei, na kuufungia

Bei zikishaanza kupanda katikati ya Desemba hakuna muda wa kukagua, foleni ni ndefu na mti unauzwa ukiwa ndani ya boksi. Nunua Novemba, au nunua Januari yanapouzwa masalio, mradi uufungue wote. Mti wa futi 6 wenye ncha 600 na zaidi, stendi ya chuma na msokoto uliokaza tunaupa alama 8 kwa 10. Ule wa ncha 300 wenye miguu ya plastiki tunaupa 3, na kwa hela hiyo hiyo tungechukua wa futi 4 uliojaa, tukaupandisha juu ya stuli iliyofunikwa kitenge.

Wengi hushusha mapambo baada ya Epifania, tarehe 6 Januari. Wakatoliki wengine husubiri Ubatizo wa Bwana. Siku yoyote utakayoichagua, vua kwa mpangilio: mipira, utepe, taa mwisho. Taa zisikunjwe kwa kuzungusha kiganja na kiwiko, maana ndivyo waya unavyosokoteka na kukatika ndani. Kata kipande cha boksi cha sentimita 30 kwa 20, kichonge pembeni meno mawili, zungushia uzi kwa kulegeza, na plagi iwe ya mwisho nje, ili mwakani uijaribu kabla ya kuufungua. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Panya wanapenda plastiki ya waya kuliko unavyofikiri.

Mti ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukauke kivulini siku nzima, upakwe mafuta kwenye bawaba, matawi yakunjwe kuelekea juu na kila kipande kifungwe kwa kamba ya kitambaa. Boksi lake huwa limekwisha chanika, kiroba kikubwa safi kinatosha. Usiupandishe darini chini ya mabati: joto la mchana pale linailainisha PVC, majani yanalala upande mmoja yakakaa hivyo, na gundi ya mapambo inayeyuka. Uvunguni mwa kitanda au juu ya kabati ndiyo mahali pake. Stendi na skrubu zake zitiwe kwenye mfuko mmoja, mfuko ufungwe kwenye bomba la chini, kwa sababu skrubu ile ikipotea hakuna duka utakaloipata tarehe 20 Desemba.